Mdomo wa Pipa Namba Tatu

Kiwandani walimwita Daktari, kwa sababu alianza kazi yake kama madaktari wote wanavyoanza: alimgonga mgonjwa mgongoni, akasikiliza, akatikisa kichwa. Mgonjwa mwenyewe alikuwa pipa la bati lenye kimo cha nyumba ya ghorofa mbili, lililochongoka chini kama faneli, na ugonjwa wake ulikuwa ule ule kwa miaka ishirini na miwili. Kwa lugha ya hospitali, lilikuwa halipati choo.

Kiwanda kilitengeneza chakula cha mifugo. Pipa namba moja lilihifadhi mahindi, namba mbili mashudu, na hayo mawili hayakuwa na maneno. Namba tatu lilihifadhi pumba. Aliyelichora, ambaye hakuna mtu pale aliyewahi kumwona, alikuwa amelichora kwa ajili ya mahindi. Baadaye wenye kiwanda wakabadili mipango, wakajaza pumba, na hakuna aliyekumbuka kulitaarifu pipa. Punje za mahindi hushuka kama wanafunzi waliosikia kengele ya kwenda nyumbani. Pumba hushuka kama watu walioitwa kwenye kikao cha familia: zinasogea kidogo, zinashikana, zinasimama mlangoni. Juu ya tundu la kutokea, ambalo wote waliliita mdomo, zilijijengea tao, na tao hilo likabeba tani zote zilizokaa juu yake bila msaada wa mhandisi yeyote. Chini ya mdomo kulikuwa na parafujo refu la chuma, kazi yake kuzisukuma pumba mpaka kwenye mashine ya kuchanganyia. Tao likishika, parafujo lilizunguka hewa.

Hapo ndipo Daktari alipoitwa. Alikuja na nyundo yake, akalipiga pipa ubavuni, akasikiliza panapolia tupu na panapolia mzigo, kisha akapiga tena penye mzigo. Kwa miaka yote hiyo ubavu wa kushoto wa pipa ukawa na mashimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Mwaka wa kumi na tano hivi aligundua kwamba kila shimo kwa nje ni kilima kwa ndani, na kila kilima ni mahali pa pumba kushikia. Kadiri alivyolitibu ndivyo lilivyougua. Hilo hakumwambia mtu. Huwezi kuingia kwa meneja baada ya miaka kumi na tano ukasema, samahani bosi, ugonjwa ni mimi.

Nyundo ikishindwa, alishuka mtu. Juu ya pipa kulikuwa na tundu la duara. Mtu alifungwa kamba kiunoni, akapewa mti mrefu, akaingia kuzichokoa pumba huku mwenzake ameshika kamba. Daktari aliifanya kazi hiyo mpaka kitambi kilipomkatalia. Mara ya mwisho kujaribu, alikwama kiunoni, nusu ndani nusu nje, na wapakiaji wawili wakamvuta kama kizibo. Tangu siku hiyo yeye akawa wa kushika kamba tu, na wa kushuka akawa mkwe wake.

Mkwe huyo, mume wa binti yake wa pekee, alikuwa fundi wa vigae aliyekosa vigae. Alikuwa mwembamba, mpole, na hakuwa na kazi. Kwa pipa namba tatu hizo ni sifa tatu zilizokamilika. Daktari ndiye aliyemwombea nafasi. Alijipongeza wiki nzima kwa hilo.

Wawili hawa walioneana haya kupita kiasi. Mbele ya watu hawakusemezana moja kwa moja. Kila mmoja alitafuta wa kumpitishia maneno. Mpitishaji alikuwa kiongozi wa wapakiaji, mama mmoja mwenye mabega ya mlango, aliyeitwa Winchi.

"Mama, mwambie mkwe wangu viatu vyake vimefunguka kamba."

"Umesikia? Viatu."

"Mwambie baba nimeshukuru."

"Ameshukuru," alisema Winchi. "Na mimi mnilipe mshahara wa simu."

Jumamosi moja mchana, binti alikuja nyumbani kwa wazazi wake bila kutoa taarifa, akakaa kwenye kiti cha jikoni na kitambaa chake cha kichwa mkononi. Mama yake alikuwa anachambua mchele. Daktari alikuwa anatengeneza redio ambayo haikuwa mbovu.

"Baba, jana nimefua shati la mume wangu. Maji yametoka uji."

"Pumba hizo. Hazina madhara."

"Anakohoa kama gari la zamani. Na Jumatatu sakafu ya pumba ilizama chini yake. Amekanyaga, pumba zikaporomoka mpaka magotini. Hakutaka nijue, nimesikia akimsimulia jirani."

Daktari aliweka bisibisi chini. Alijua kuhusu Jumatatu. Yeye ndiye aliyekuwa ameshika kamba.

"Simwambii aache kazi," binti aliendelea. "Akiacha tutakula vigae? Nakuambia wewe. Pipa lile unalijua kuliko unavyonijua mimi. Si unaitwa Daktari? Basi litibu. Asiingie tena mle ndani, baba. Mvua zikianza pumba zinashika zaidi, wewe mwenyewe unasema kila mwaka."

"Kabla ya mvua," alisema Daktari, "nitakuwa nimelimaliza."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua atakalofanya. Mama wa nyumba aliinua macho kutoka kwenye mchele, akamtazama, akarudi kwenye mchele.

Lakini safari hii alijua kweli, au nusu yake. Ugonjwa haukuwa kwenye ubavu, ulikuwa mdomoni. Mdomo ulikuwa mraba wa sentimita thelathini, na kwa mdomo mdogo kiasi hicho pumba zilijenga tao bila hata kutoka jasho. Ukiupanua vya kutosha, tao lingekosa pa kuegemea, lianguke lenyewe. Swali lilikuwa moja: vya kutosha ni kiasi gani? Kwa swali hilo alileta nyumbani pipa kuukuu la mafuta, magunia mawili ya pumba na jiwe kubwa la kuweka juu, ili pumba za nyumbani zionje uzito wa pumba za kiwandani. Chini ya pipa alikata tundu, akaliziba kwa ubao, akajaza, akapandisha jiwe, akaacha siku mbili, maana pumba zilizolala Jumamosi na Jumapili ndizo zinazokataa Jumatatu. Kisha alivuta ubao.

Tundu la kwanza, kimya. Akalipanua. Kimya. Akalipanua tena.

"Wenzako wanafuga kuku," alisema mkewe kutoka mlangoni, "wewe unafuga pumba."

"Nyamaza kidogo, nasikiliza."

"Zinasema nini?"

"Zinasema bado."

Kwenye duara la sentimita hamsini zilianguka zote kwa pamoja, pamoja na jiwe, na vumbi likaingia kwenye nguo za jirani zilizokuwa zimeanikwa. Daktari alikwenda kuomba radhi akiwa anacheka. Lakini duara kubwa hivyo halikuwa na faida kiwandani, kwa sababu parafujo la chini lilikuwa na upana wa thelathini tu. Alilala na tatizo hilo wiki mbili. Kisha akaomba pipa jingine, na badala ya duara akakata mpasuo mrefu, mwembamba, kutoka ukingo hadi ukingo. Mpasuo wa ishirini na tano ulipitisha kama lile duara la hamsini. Tao lilikuwa na pa kuegemea pande mbili tu, si pande zote, kwa hiyo likachoka upesi. Alijaribu tena na tena, kwa pumba kavu na pumba zilizonyunyiziwa maji, na kila alipovuta ubao zilianguka. Basi mdomo wa kiwandani uwe mpasuo: upana thelathini ule ule wa parafujo, urefu mita moja na robo, kulifuata parafujo. Hakuna mashine ya kununua. Ni bati na fundi wa kuchomelea.

Alichora kwenye karatasi ya daftari la shule, akaenda kwa meneja.

"Daktari, kaa," alisema meneja. "La, simama tu, una vumbi."

Alisimama akaeleza. Meneja alikuwa mtu wa makamo, mwenye adabu, aliyesomea biashara, na aliyeliogopa pipa namba tatu kama watu wanavyoogopa ndugu anayekunywa: alipenda lisitajwe.

"Ukipanua mdomo, pumba si zitamwagika zote?"

"Hazimwagiki, bosi. Parafujo ndilo linalopima. Mdomo kazi yake ni kutozuia."

"Na hii umeipata wapi?"

"Uani kwangu."

Meneja aliitazama karatasi kwa muda ambao karatasi ile haikuustahili. Ingeishia kwenye droo kama nyingine, ila wiki hiyo makao makuu yalikuwa yamedai kila kiwanda kionyeshe ubunifu mmoja wa wafanyakazi, na kiwanda hicho hakikuwa nao hata mmoja. Fundi wa kuchomelea aliitwa. Kwa siku nne pipa lilikatwa, likaunganishwa, likapigwa msasa, hata na vilima vya ndani vikanyooshwa. Ijumaa walijaza pumba mpya, kavu, wakawasha parafujo, na pumba zikashuka kwa sauti ya hariri inayoburutwa sakafuni. Wapakiaji walipiga makofi. Meneja alipiga picha na Daktari, mkono begani, vumbi na yote, na picha ikabandikwa ukumbini chini ya neno UBUNIFU.

Mkwe wake alikuja akasimama karibu, akamtafuta Winchi kwa macho.

"Mwambie baba," alisema, kisha akakosa la kuongeza.

"Amekuelewa," alisema Winchi.

Jioni ile binti alileta keki ya dukani. Wiki tatu hakuna aliyeingia ndani ya pipa, na kikohozi kikaanza kupungua.

Mvua zilikuja siku ya Alhamisi, hazikukatika. Ijumaa pipa lilijazwa pumba zenye unyevu, zikalala siku mbili. Jumatatu saa mbili asubuhi parafujo liliwashwa, likasukuma pumba dakika chache, kisha likaanza kuzunguka hewa kwa ule mlio ambao kila mtu aliujua.

Daktari aligonga. Upande wa nyuma, linakoanzia parafujo, pipa lililia tupu kama ngoma. Upande wa mbele lilikuwa zito kama ukuta. Alirudia mara tatu, maana masikio yake hayakutaka kuyaamini masikio yake. Kisha akalala chali chini ya pipa, akafungua kifuniko cha ukaguzi, akamulika kwa tochi. Akaliona parafujo. Alikuwa amelitazama miaka ishirini na miwili; sasa ndipo alipoliona.

Nyuzi zake, zile bapa zilizojizungusha kwenye chuma, ziliachana sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Shibiri ya kwanza tu ya mpasuo ilitosha kulijaza, na baada ya hapo lilipita chini ya mita nzima iliyobaki likiwa limeshiba, kama gari lililojaa kituo cha kwanza, linawapungia wengine mkono. Mdomo ulikuwa na urefu wa mita moja na robo, lakini pipa lilikuwa linatema kwa kona yake moja tu. Huko nyuma pumba zilikuwa zimechimbika kisima chembamba mpaka juu; mbele zilikuwa zimesimama, wiki ya tatu sasa, zinashikana. Uani kwake alikuwa akivuta ubao, mpasuo wote unafunguka kwa mara moja. Kiwandani hakuna anayevuta ubao. Alilala pale chini, tochi kifuani, akayafikiria hayo mpaka Winchi alipomgusa mguu kuona kama yu hai.

"Bosi, nimekosea," alimwambia meneja. "Mdomo uko sawa. Parafujo ndilo silo. Linatakiwa lenye nyuzi zinazozidi kuachana kadiri linavyokwenda mbele, lipate nafasi ya kuchota njia nzima. Tulifungue leo, nitamwelekeza fundi."

"Daktari, mimi siwezi kuandika kwamba pipa limekwama. Pipa limetengenezwa. Picha ipo makao makuu."

"Picha ni ya siku ile."

"Malori matano yako getini. Mwambie mkwe wako ashuke mara hii tu, tufungue, halafu hilo parafujo tutaliweka kwenye mpango wa mwakani."

"Hashuki mtu leo," alisema Daktari. Sauti yake ilitoka nyembamba, ikamshangaza mwenyewe. "Kule mbele kuna ukuta umesimama. Ukimwangukia mtu, mimi kamba hii itanisaidia nini?"

Meneja hakukasirika, na huo ndio uliokuwa ubaya wake. Alitoka nje kwa upole, akamwuliza mkwe mwenyewe, mbele ya madereva na wapakiaji, kama yuko tayari. Mkwe alitazama viatu vyake. Akubali, amemvunjia baba mkwe wake neno mbele ya watu. Akatae, mzee anaonekana ndiye aliyegomesha kiwanda, na kila mtu alijua mzee amebakiza miaka mitatu tu kustaafu.

"Mama," alimwambia Winchi, "mwambie baba nitashuka mara moja nitoke. Asigombane kwa ajili yangu."

"Mwambie nimekataa!"

"Amekataa," alisema Winchi.

"Mwambie anisamehe."

Akapanda ngazi. Daktari angeweza kubaki chini, na kubaki huko kungekuwa ndiyo msimamo. Lakini kamba ingeshikwa na nani? Na dereva? Alipanda nyuma yake, akafunga fundo mwenyewe, akalikagua mara mbili.

Mkwe alishuka. Alitembea kwa magoti, taratibu, mbali na kisima kama alivyofundishwa, akaugusa ukuta wa pumba kwa ncha ya mti, mguso wa mtu anayebisha hodi. Ukuta ulikuja wote. Haukutoa kishindo, ulitoa pumzi. Vumbi lilipotulia Daktari, aliyelala kifudifudi juu ya tundu, aliona kichwa, mabega, na mkono mmoja uliokuwa juu. Kingine chote kilikuwa pumba.

"Zimeni parafujo! Zimeni!"

Likazimwa. Walivuta kamba watu wanne, kisha sita. Mtu aliyefukiwa mpaka kifuani hatoki kwa kamba. Kamba ilikaza, mkwe akapiga ukelele ambao Daktari hakuwahi kumsikia akiutoa mtu mpole kiasi kile, wakaacha. Kila alipotoa pumzi, pumba zilijaza nafasi iliyobaki, na pumzi iliyofuata ikawa fupi zaidi. Daktari aliliona hilo waziwazi. Alikuwa mtaalamu wa jinsi pumba zinavyojaza nafasi.

"Mwanangu," alisema. Hapakuwa na wa kumpitishia. "Usiseme. Vuta pumzi ndogo ndogo."

"Baba."

"Nimekuambia usiseme."

"Kamba."

"Ninayo."

"Usiiachie."

"Siiachii. Na wewe usibishane na mkubwa."

Fundi wa kuchomelea ndiye aliyekuja na akili: walipitisha mabati manne kwenye tundu. Mpakiaji mmoja mwembamba aliingia kuyapokea, nguvu zake hazikutosha, na Winchi akajikunja, akapita. Hakuna aliyejua alipitaje. Waliyashindilia mabati kumzunguka kama boma, wakachota pumba zilizo ndani ya boma kwa mabakuli, bakuli moja moja, zikapandishwa juu kwa ndoo. Ilichukua mpaka saa nane mchana. Muda wote huo Daktari alishika kamba isiyovuta chochote. Vidole vilikufa ganzi, na mtu alipotaka kumpokea alimtazama tu.

Mbavu mbili zilizovunjika, na pafu moja lililobanwa. Wiki nane za kulala, walisema hospitalini, na baada ya hapo wataona.

Jioni ile wodi ilikuwa na harufu ya dawa ya sakafu. Binti alikuwa amekaa kitandani, kikombe cha uji mkononi. Daktari alisimama upande wa miguu, kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja na kilikuwa na shati. Alikuwa amejiandaa kulaumiwa. Hakulaumiwa, ikabidi aanze mwenyewe.

"Nilikosea parafujo," alisema, na kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kumpa, alimweleza. Alichora kwa kidole juu ya shuka, miguuni pa mgonjwa: mpasuo, nyuzi, jinsi zinavyotakiwa kuachana. Binti alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo sasa unajua dawa yake."

"Najua."

"Na nani anaweza kulibadilisha?"

"Meneja."

"Amesemaje?"

"Amepiga simu mchana. Amesema pipa limefunguka. Tulipokuwa tunachota, lilifunguka." Akanyoosha shuka pale alipokuwa amechora. "Wameshalijaza tena."

Binti alikoroga uji ambao haukuhitaji kukorogwa.

"Nitaacha kazi," alisema Daktari. "Nimekuja kuwaambia hivyo. Kesho namwandikia."

Mkwe wake alifumbua macho. Alikusanya pumzi kwanza, kidogo kidogo, kama alivyofundishwa asubuhi.

"Usiache, baba."

"Kwa nini nisiache?"

"Nikirudi watampa kamba mtu nisiyemjua."

Daktari aliliondoa shati kwenye kiti, akakaa. Binti alimpelekea mumewe kijiko cha uji, akangoja ameze, akachota kingine. Hakuna aliyeuliza ni kurudi wapi.